Mwongozaji kamvua nguo paladini wangu kwenye theluji, kisha akamuua!!!

NgaoTakatifu
Wakuu, sijalala. Mwandiko ukiyumba mjue mikono inatetemeka kwa hasira.

Yule mwongozaji wa gemu letu la D&D (sisi tunaigiza mashujaa mezani, yeye anasimulia yanayotokea, dadu zinaamua) mnamjua, simtaji. Ni yule anayekohoa kidogo kabla ya kuua mtu. Ni yule aliyesimamisha gemu nusu saa nzima kutusimulia harufu ya zizi. Sasa amegundua baridi. Tangu kampeni yetu ipande milimani hatuna tena mwongozaji, tuna mtabiri wa hali ya hewa. Unakaa mezani na shujaa wa levo 11, unaulizwa umebeba soksi jozi ngapi.

Paladini wangu, yaani shujaa wangu mtakatifu, ameua joka jekundu. Ameingia kuzimu na akatoka. Amemtukana pepo mkuu usoni, pepo akaomba radhi. Jana amekufa kwa KUVUA NGUO. Hakuna jini, hakuna jambazi, hakuna hata sungura mwenye nia mbaya. Jamaa anakohoa, ananitazama, anasema: "Unahisi joto. Unavua."

Unavua! Nani kasema navua? Mhusika ni wangu, karatasi ni yangu, jasho la kumlea tangu levo 1 ni langu, halafu mtu aje amvue deraya, amvue joho, amvue shati mbele ya kikosi kizima? Nikauliza narusha dadu gani. Akasema hurushi, hiyo ndiyo haipothemia, joto la mwili likishuka kupita kiasi. HURUSHI!

Na msiniambie kanuni. Kanuni za D&D za 2014 naishi nazo. Baridi kali inaanzia nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani kama -18 za Selsiasi. Kila saa unarusha dadu ya Ustahimilivu, ukifikisha 10 umepita, ukikosa unapata uchovu levo moja, zikifika sita umekufa. Paladini wa levo yangu anaongeza nyongeza ya Mvuto wake, yaani haiba, kwenye kila kurusha kwa kujiokoa. Hiyo 10 ningeipita huku nasinzia! Yeye katupa kanuni pembeni, kaja na jedwali lake la joto la mwili: 35 unatetemeka, 32 unaropoka, chini ya hapo unavua. Jedwali lina rangi. Kaliweka kwenye plastiki lisilowe.

Unahisi joto, unavua. Nimelisikia usiku kucha.

KeteMojaMoja
Poleni wafiwa. Marehemu alivaa nini? Ah, samahani.

GobliniMstaafu
😂😂😂 Paladini Uchi. Mods, mbadilishieni huyu jina la akaunti leo hii.

MzeeWaKanuni
Mkuu, punguza munkari, hilo la kuvua si uzushi wa mwongozaji wako. Linatokea kweli. Mwili ukipoa, mishipa ya damu ya kwenye ngozi hubana ili joto libaki ndani kwenye moyo na viungo vikuu. Baridi ikizidi, misuli inayoibana inachoka, mishipa inafunguka, damu yenye joto inakimbilia kwenye ngozi. Mtu ambaye tayari akili imevurugika anahisi anaungua, anavua. Waokoaji wamekuta maiti nyingi theluji ikiwa pande zote na nguo zimetupwa njiani. Wengine hukutwa wamejipenyeza chini ya kitanda au nyuma ya kabati, kama wanatafuta shimo.

NgaoTakatifu
SHIMO! Asante kwa kunikumbusha. Baada ya kunivua akasema "unachimba." Nachimba nini? Mteule wa mungu wa nuru amekufa uchi, kichwa kimezama shimoni, miguu iko nje. Ndivyo walivyomkuta. Manju wetu ameshatunga beti tisa.

GobliniMstaafu
Tisa tu? Huyo manju mvivu.

BiMishale
Wewe angalau umekufa kwa kitu cha kweli. Wetu alituangushia poromoko la theluji kwa sababu manju ALIIMBA. Sauti haiangushi theluji jamani! Kinachotakiwa ni mteremko wenye mwinamo, hasa kati ya digrii 30 na 45, tabaka dhaifu chini, halafu uzito juu yake, na mara nyingi uzito wenyewe ni wa huyo huyo anayefukiwa au mwenzake. Sisi tulikuwa bondeni tambarare tunakula. Nikamwambia. Akajibu "ni uchawi wa wimbo." Kikosi kizima kimefukiwa kwa sababu ya kibwagizo.

KeteMojaMoja
Manju wenu alikuwa anaimba nini lakini? Inawezekana mlima ulikuwa na haki.

Msonobari77
Mimi nilikuwepo mezani kwa NgaoTakatifu. Naomba niseme kidogo. Mjini tulipewa nafasi ya kununua nguo za baridi. Kwa kanuni hizo hizo anazoishi nazo, mwenye nguo za baridi anapita moja kwa moja bila kurusha. Wote tulinunua. Yeye aliuza hata joho la manyoya alilopewa na malkia, akanunua kofia ya chuma yenye unyoya wa dhahabu. Nimemaliza.

NgaoTakatifu
Wewe nyamaza, wewe ndiye uliyeokota kofia mwili haujapoa.

Msonobari77
Ulishapoa. Ndiyo habari yenyewe.

GobliniMstaafu
Nimeanguka kwenye kiti 😂😂

NgaoTakatifu
Msinitoe kwenye hoja. Nje ilikuwa -10. Kanuni inaanzia -18. Akaongeza upepo wa kilomita 40 kwa saa, akasema ngozi inahisi -21, basi tuko ndani ya baridi kali. Upepo unafanya -10 iwe -21? Hiyo ni hesabu au ni chuki? Na hata kama ni hesabu, ndiyo inivue nguo? "Unahisi joto." Kwenye -21 zake mwenyewe alizozipika, nahisi joto!

MzeeWaKanuni
Hesabu yake ni sahihi. -10 na upepo wa kilomita 40 inakupa karibu -21 kwenye ngozi iliyo wazi. Lakini hiyo ni kasi ya mwili kupoteza joto, hewa yenyewe inabaki -10. Jiwe likipigwa na upepo huo halishuki chini ya -10 hata lipulizwe mwaka mzima. Kanuni inataja halijoto, upepo haumo. Hapo una kesi. Ila ya nguo huna.

NgaoTakatifu
NINA KESI. Mmesoma? Mzee kasema nina kesi.

KeteMojaMoja
Mahakama itaomba mlalamikaji aje amevaa.

Kibuyu_cha_Mbilikimo
Naomba niingize langu. Nacheza mbilikimo, mlevi wa heshima. Kila kituo nilikuwa nakunywa kidogo "kupasha mwili", ni sehemu ya mhusika, nimeiandika kwenye karatasi. Wetu akaanza kunikata pointi: pombe inapanua mishipa ya ngozi, unajihisi moto huku joto linakutoka. Nikaacha pombe, nikawa nakula theluji nipate maji. Akakata tena! Eti kuyeyusha kilo moja ya theluji tumboni kunamgharimu mwili kilokalori 80, hapo bado hujaipasha ifike joto la mwili. Sasa mbilikimo wangu hanywi, hali, hafurahi. Amekuwa mhasibu.

BiMishale
Kilokalori 80 ni sawa, chemsha kwanza. Lakini kumnyima mbilikimo pombe ni unyanyasaji.

Kibuyu_cha_Mbilikimo
Dada, nilichemsha! Ndani ya pango la theluji tulilochimba. Akauliza tundu la hewa liko wapi. Hatukuweka. Akakohoa.

NgaoTakatifu
AKAKOHOA? Subiri. Ni yule yule?

Kibuyu_cha_Mbilikimo
Simtaji.

GobliniMstaafu
Lazima awe yeye. Moto kwenye pango lisilo na tundu unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, mnalala hamuamki. Kikosi changu kiliondoka hivyo hivyo. Alisema tu "mnasinzia." Nikadhani tunapumzika nirudishiwe uchawi wangu.

NgaoTakatifu
"Mnasinzia." "Unavua." Mnaona mtindo wake? Maneno mawili, mtu kaenda! Joka lilinipiga raundi kumi na nne sikufa!

Ziwa_Limeganda
Mbona hakuna anayelalamikia maji? Mpiganaji wetu alikanyaga ziwa na deraya kamili, ratili 65 za chuma kabla hujapima mwenye chuma. Barafu ikapasuka. Kanuni inasema unaweza kukaa kwenye maji ya baridi dakika sawa na alama yako ya Ustahimilivu kabla ya kuanza kurusha. Ana 16, akasema nina dakika 16, wacha nitafute upanga chini. Mwongozaji akasema dakika ya kwanza unahema ovyo bila hiari, ukivuta maji umekwisha. Baada ya kama dakika kumi vidole havikutii. Maji yanakupoza mara 25 hivi kuliko hewa. Tukagombana mpaka saa saba.

MzeeWaKanuni
Na deraya hiyo akaogelea?

Ziwa_Limeganda
Tulimvuta kwa kamba. Kamba ilifungwa kwa punda.

KeteMojaMoja
Punda alikuwa juu ya barafu???

Ziwa_Limeganda
Pembeni.

MzeeWaKanuni
Pembeni ya barafu au pembeni ya ziwa? Kwa mtu mmoja anayetembea watu hutaka barafu ngumu ya angalau sentimita 10. Kwa punda sikubali bila kuona unene.

Ziwa_Limeganda
Pembeni ya ziwa mzee, kwenye udongo. Ila mwongozaji akamrushia punda dadu ya baridi, punda akafeli.

BiMishale
Punda ana manyoya! Punda anahesabika amevaa!

MzeeWaKanuni
Manyoya ya punda ni mepesi, na yakilowa maji yanaingia mpaka kwenye ngozi. Farasi anastahimili mvua na baridi kuliko punda.

NgaoTakatifu
Jamani, mimi nimekufa uchi.

Kibuyu_cha_Mbilikimo
Tulia ndugu, tunaongelea punda. Alipata levo ngapi za uchovu?

Ziwa_Limeganda
Mbili. Mwendo ukakatwa nusu, na mzigo ulikuwa kwake wote, pamoja na mahema.

BiMishale
Kwa hiyo mmelala nje bila mahema kwa sababu ya punda aliyenyimwa haki yake ya manyoya. Huyu naye aletewe uzi wake.

GobliniMstaafu
Ufunguliwe. Kichwa cha habari kiwe "Punda".

Msonobari77
Sisi tulikuwa na nyumbu. Nyumbu anahesabiwa kama punda au kama farasi?

MzeeWaKanuni
Hapo katikati. Ngoja niangalie.