Mume wangu Mfilipino anataka kuacha kazi ya miaka 14 aende Qatar. Naombeni ushauri

BintiTanga
Wadau, habari zenu. Mimi Mtanzania, nimeolewa na Mfilipino, tunaishi Bacolod, kisiwa cha Negros. Tulikutana Dubai enzi hizo kila mtu anahangaikia maisha, tukaja kwao, sasa tuna watoto watatu.

Mume wangu ana miaka 41. Ni fundi umeme wa kiwanda cha sukari, huu mwaka wa 14. Mshahara peso 19,000. Kisiwa hiki kinaishi kwa miwa. Ikifika miezi isiyo ya kusaga, wenyewe wanaiita tiempo muerto, yaani wakati mfu, vibarua hurudi majumbani na hata wenye ajira ya kudumu hawapati saa za ziada. Hiyo ndiyo miezi yetu ya kukopa. Kuna mkopo unaitwa five-six: unachukua tano, unarudisha sita, na mwenye pesa anapita na pikipiki kila jioni kukusanya. Mwanangu wa mwisho akisikia ule mlio anakimbilia ndani kabla sijamwambia kitu.

Sasa kuna wakala wa Manila anasema ana nafasi Doha, riyal 2,400 na chumba cha kampuni. Ni karibu mara mbili ya anachopata hapa. Ila anataka peso 60,000 kwanza za kushikilia nafasi, na mkataba hajatuonyesha. Mume wangu anataka kuzikopa hukohuko kwenye five-six. Barua ya kuacha kazi ameshaandika, iko kwenye droo chini ya vyeti vya watoto. Anasema Ijumaa anaipeleka.

Mama mkwe anasema aende, nyumba zote za matofali mtaani kwetu zimejengwa kwa pesa ya nje. Mimi naogopa. Na naogopa pia kuja kuitwa mke aliyemzuia.

Mchuuzi77
Ijumaa asipeleke barua. Usiache mbachao kwa msala upitao, dada.

FundiDoha
Dada yangu, niko Doha mwaka wa nane, na Wafilipino ndio wenzangu wa kazi. Hiyo 60,000 inanitisha kuliko safari yenyewe. Sheria ya kwao haimruhusu wakala kutoza zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja, tena baada ya kusaini mkataba, tena kwa risiti. Mabaharia na wafanyakazi wa ndani hawatozwi kabisa.

Shemeji aingie tovuti ya DMW, wizara yao ya wafanyakazi wahamiaji iliyoundwa kwa sheria ya Desemba 2021. Atafute leseni ya wakala, halafu aangalie kama kazi yenyewe ya Doha imeidhinishwa. Aangalie vyote viwili, maana wakala anaweza kuwa na leseni hai na kazi anayoitangaza isiwepo. Mkataba ukishapita huko ndipo anapata cheti wanachokiita OEC, na bila hicho uhamiaji watamrudisha uwanjani. Akiambiwa aende kama mtalii, karatasi atazikuta huku, aachane nao hapohapo.

Halafu ulizeni hiyo 2,400 imegawanywaje. Kiinua mgongo cha huku ni angalau mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka, lakini kinapigwa kwa mshahara wa msingi peke yake, posho hazihesabiwi. Nilikaa chumba kimoja na jamaa wa Cebu, jumla yake 2,600 ila msingi 1,000. Miaka sita ikampa riyal 4,200. Alikaa kitandani na ile karatasi mkononi, siku ile hakula.

MamaCebu
Mimi Mkenya, niko Cebu, hapahapa Ufilipino, na haya tumeyapitia. Mume wangu aliacha kazi kwa ujumbe wa simu, akaondoka wiki hiyohiyo. Sheria inataka notisi ya siku 30. Malipo yake ya mwisho tuliyafuatilia karibu mwaka.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: kiinua mgongo cha kisheria hapa, nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa kazi, ni cha anayestaafu, kwa kawaida akiwa na miaka 60. Mtu wa miaka 41 akiacha mwenyewe, mwajiri halazimiki kumpa, isipokuwa kama kanuni za kampuni au mkataba wa chama cha wafanyakazi unasema. Asome huo mkataba kabla ya kupeleka barua. Fungu lake la mshahara wa 13, ule wa ziada wa mwisho wa mwaka, la mwaka huu ni haki yake, adai. SSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa hapa, haipotei, pensheni inataka michango ya miezi 120, na kama mwajiri amekuwa akilipa, ameshavuka. Aendelee kuchangia akiwa nje.

NesiRiyadh
Naona wote mnamvuta abaki. Mimi nasema aende. Kubaki pia kuna gharama, na huyo mtoto anayekimbia pikipiki anailipa kila jioni. Lakini asiende na deni la five-six mgongoni. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, na mwenye pikipiki hatasubiri.

Na kaeni na watoto muwaambie mapema. Mwenzangu wa zamu, Mfilipino, akitoka kazini anaegemeza simu kwenye kikombe, anaangalia wanawe wakifanya kazi za shule. Saa nzima, bila maneno. Anasema wakinyamaza wote anajiona yuko nyumbani.

BintiTanga
Nimerudi, na nawashukuru sana. Sikubishana naye, nilimwomba tu apige simu aulizie risiti. Akajibiwa risiti atapewa akishafika Doha. Alikata simu, akakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Tulipotafuta jina la wakala kwenye orodha ya DMW, halimo.

Amepata mwingine mwenye leseni na kazi iliyoidhinishwa, Doha vilevile, jumla ni ndogo kidogo ila msingi ni 1,800. Tumeomba mkataba tuusome wote wawili hapa mezani. Moyo wake umeshasafiri, naona, na mimi sitamzuia.

Ijumaa ilipita, barua bado iko kwenye droo. Jana jioni pikipiki ilikuja tukalipa peso 200. Zimebaki wiki mbili deni liishe, na tumekubaliana hasaini popote kabla ya hapo.