Mjadala: Je, fundi wa ndege aruhusiwe kugoma?

Mwenye mada: Ndugu wachangiaji, naleta swali lililonikaa moyoni tangu mgomo wa mafundi wa shirika la ndege la WestJet nchini Kanada mwezi Juni 2024. Mafundi wapatao 680 waliacha kazi ingawa waziri alikuwa amekwisha kuagiza mgogoro wao upelekwe kwa msuluhishi, mamia ya safari yakafutwa, na baada ya siku mbili makubaliano yakapatikana. Je, fundi wa ndege awe na haki ya kugoma kama mfanyakazi mwingine yeyote, au kazi yake inagusa watu wengi mno kiasi kwamba mlango huo ufungwe na suala la mshahara liamuliwe na msuluhishi?

Msafiri: Ufungwe. Nimewahi kukwama uwanjani siku mbili pamoja na mama yangu mzazi, ambaye dawa yake ya sindano lazima ikae kwenye ubaridi, na hakuna aliyekuja kutueleza lolote. Aliyegombana na mwajiri wake hakutuona sisi. Mifano nayo ipo: mafundi wa shirika la ndege la Northwest nchini Marekani waligoma 2005, shirika likafilisika, wakakosa vyote. Halafu tuambizane ukweli, kazi yenyewe ni ya kufuata kitabu. Kitabu kikisema legeza, unalegeza. Kikisema kaza, unakaza. Mtu yeyote mwenye akili timamu anafundishika kwa miezi sita.

Zamu ya Usiku: Ndugu Msafiri, suala la mgomo nitalirudia, lakini hiyo miezi sita siwezi kuipita kimya. Nchini Marekani, mtu asiyepitia chuo kilichoidhinishwa anatakiwa kuwa na miezi 30 ya kazi ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa leseni ya fremu ya ndege na injini kwa pamoja. Kiwango cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ni miaka minne ya uzoefu, au miwili kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa.

Kuhusu kitabu, nitakueleza usiku mmoja tu. Ilikuwa saa tisa, nimejilaza chini ya bawa, tochi mdomoni, nikijiuliza kama ule waya mwembamba wa kuzuia nati isilegee nilikuwa nimeufunga upya baada ya kuukata. Kifuniko nilikuwa nimekwisha kukirudishia. Msimamizi alikuwa amesimama na simu sikioni, na abiria walikuwa wamekwisha kuitwa langoni. Kitabu kiliandika nifunge waya. Hakikuandika nifanye nini nikiwa nimeshafanya kazi kwa muda wa saa kumi na moja na vidole vimekufa ganzi. Nilikifungua kifuniko upya, skrubu 24, na safari ikachelewa dakika hamsini. Waya ulikuwepo. Jina langu liliandikwa kwenye taarifa ya ucheleweshaji, na mpaka leo sijui kama ningekuwa na moyo wa kusaini bila kuangalia.

Hesabu Wazi: Naomba kusahihisha habari ya Northwest kabla haijageuka kuwa kweli kwa kurudiwarudiwa. Mgomo ulianza Agosti 20, 2005, kwa sababu shirika lilitaka kupunguza mishahara na kuondoa takriban nafasi 2,000 za kazi. Shirika liliendelea kuruka kwa kutumia mafundi wa kuziba nafasi na kampuni za nje. Liliomba ulinzi wa kufilisika, yaani mahakama ilikinge dhidi ya wanaolidai, Septemba 14, siku ileile ambayo Delta, shirika jingine la ndege la Marekani, nayo iliomba, na mafundi wa Delta hawakuwa wamegoma. Anayetaka kuwalaumu mafundi atueleze kwanza Delta iliangushwa na mgomo upi. Walioumia ni wagomaji wenyewe, ambao wengi wao hawakurudi kazini.

Mizani: Nimemsoma Zamu ya Usiku kwa heshima, lakini ameitegemea leseni kupita kiasi. Juni 10, 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kiling'oka ikiwa futi 17,300 angani, rubani mkuu akavutwa nje nusu ya mwili, na wahudumu wakamng'ang'ania mpaka ndege ilipotua Southampton. Alinusurika. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla ya safari hiyo. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa chini ya milimita moja, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Aliyezifunga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa uzoefu mrefu, na mtunza stoo alikuwa amemtajia aina sahihi ya bolti. Leseni haikumzuia kuokota zisizo zenyewe. Kwa hiyo mnapodai mishahara minono kwa jina la leseni, mnatuuzia kitu gani hasa?

Zamu ya Usiku: Umeutaja mkasa ule lakini umeukata mahali panapouma. Zamu ile ilikuwa na upungufu wa watu, na ndiyo sababu msimamizi alishika kazi ya mikono mwenyewe. Alizilinganisha bolti kwa macho na kwa kuzigusa katika mwanga hafifu, kisha akazikaza akiwa amejinyoosha kutoka pembeni, mahali ambapo hakuona vizuri kichwa cha bolti kilivyokaa. Kazi ile haikuwa kwenye orodha ya zinazotakiwa kukaguliwa na mtu wa pili. Aliyetakiwa kuwasimamia wengine alikuwa anafanya, na wa kumsimamia yeye hakuwepo.

Unaweza pia kuutazama mkasa wa ndege ya shirika la Air Midwest iliyoanguka Charlotte, Marekani, Januari 8, 2003, ambapo watu wote 21 walikufa. Kebo za usukani wa mkiani zilirekebishwa vibaya, hatua kadhaa za kitabu zikarukwa, na fundi aliyezirekebisha alikuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo kwenye ndege ya aina ile. Mkaguzi aliyeipitisha ndiye aliyekuwa akimfundisha usiku uleule. Ndege ilikuwa na uzito uliopita kiasi pia, sifichi, lakini mtu mmoja hawezi kuwa mwalimu na hakimu wa kazi ileile.

Msafiri: Sikusema kwamba mafundi ni wajinga, na naona nawekewa maneno mdomoni. Nilisema kazi inafundishika.

Sheria ya Kazi: Turudi kwenye swali. Marekani ina sheria ya kazi za reli ya 1926, iliyopanuliwa hadi mashirika ya ndege 1936. Chini ya sheria hiyo, mkataba wa kazi haufi tarehe yake ikifika. Unaendelea kutumika huku mazungumzo yakienda, na hakuna kugoma mpaka bodi ya upatanishi iwaachie, yaani ikiri kuwa upatanisho umeshindikana, na siku 30 za kutulia zipite. Mafundi wa shirika la ndege la Southwest walianza mazungumzo 2012, wakapata mkataba 2019. Anayetaka mgomo ufungwe kabisa aseme ni kitu gani kitakachomharakisha mwajiri, maana kuchelewa kwenyewe ni faida kwake. Na kuhusu leseni, nchini humohumo karakana za nje ya shirika zinaruhusiwa kuwa na wafanya kazi wengi wasio na leseni, mradi msimamizi na anayeirudisha ndege kazini wawe nayo.

Mizani: Hapo sasa tumefika penyewe. Mwenye leseni mmoja asimamie watu wangapi?

Msafiri: Nami naliuliza hilo, na nalitaka jibu lisilozunguka. Kwenye madai yenu mnapoelekea kugoma, idadi ya watu kwa zamu huwa mnaiandika, au mnaandika mshahara tu?

Zamu ya Usiku: Tunaandika vyote viwili, na kinachofutwa kwanza ni idadi ya watu, kwa sababu mshahara kila mwanachama anauona mwisho wa mwezi, na mtu wa pili kwenye zamu haonekani mpaka siku anapokosekana. Katika mkataba wetu tulianza na kipengele kwamba kila kazi ya mfumo wa usukani ifanywe na mtu mmoja na kukaguliwa na mwingine ambaye hakuigusa. Kilipotoka mezani kilikuwa kimeongezewa neno moja, «inapowezekana». Mazungumzo yanafunguliwa upya mwezi ujao, na mimi nimeomba niwemo kwenye kamati kwa ajili ya neno hilo.