Kamati ya Sare: Harusi ya Rukia

Zuhura (Dar): Shikamooni wote. Nina wazo la sare. Tuvae nyeupe. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Pantone, kila Desemba inatangaza rangi ya mwaka unaofuata na wabunifu wengi wanaifuata. Ya 2026 inaitwa Cloud Dancer, nyeupe fulani hivi ya utulivu.

Shangazi Somoe: Marahaba mwanangu. Nyeupe ya utulivu tunaijua. Mtu huvalishwa mara moja tu, na haulizwi maoni.

Mama Rukia: Wifi jamani 😂😂

Mjomba Issa (Newala): Nyeupe, halafu tutoke huku na bodaboda? Tutashuka Mtwara mjini wote wekundu kama tumechimbwa. Na hao watu wanalipwa kutuambia kwamba nyeupe ni rangi?

Zuhura: Wanalipwa mjomba, tena vizuri. Hiyo kazi wanayo tangu rangi ya mwaka 2000. Ya 2025 ilikuwa kahawia, Mocha Mousse. Maduka ya huku yote yakageuka chai ya maziwa.

Shangazi Somoe: Na pilau je? Mchuzi ukidondoka kwenye nyeupe, huo utulivu unaishia hapo hapo. Nyeupe imekataliwa, tuendelee.

Zuhura: Sijapata hata kura moja?

Hamisi (Karume): Mimi ningekupa, ila naogopa shangazi.

Mama Rukia: Mimi nasema tushike kitenge. Chetu, cha asili, hakina ubishi.

Baba Mdogo Saidi: Samahani shemeji, ubishi upo. Hicho kitenge cha nta mnachokiita asili, Waholanzi walianza kukichapa viwandani karne ya 19 wakiiga batiki za kisiwa cha Java, Indonesia. Kampuni ya Vlisco ipo Helmond, Uholanzi, tangu 1846 na hadi leo inauza Afrika. Siwakatazi kuvaa. Nasema tu mtu asije akasimama ukumbini akahutubia kuhusu asili.

Mama Rukia: Shemeji umestaafu ualimu lakini chaki hujaiweka chini.

Hamisi (Karume): Baba mdogo, na jinzi je? Maana wateja wangu wanagombania zilizochanika magotini. Nikifungua balo la mitumba, nzima zinabaki, mbovu zinaondoka saa hiyo hiyo.

Baba Mdogo Saidi: Jinzi ndiyo kichekesho chenyewe. Levi Strauss na fundi cherehani mmoja, Jacob Davis, walipata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wao, mwaka 1873 kwa kupigilia misumari ya shaba kwenye mifuko ya suruali za vibarua ili zisichanike. Leo mnalipia zaidi zikishachanika.

Zuhura: Hiyo ya kuchanika ni ndogo. Mwaka 2022 Balenciaga, kampuni ya mitindo ya kifahari, walitoa raba zimetoboka, zimechakaa, zina madoa kama zimeokotwa mtaroni. Zile mbovu kupita zote zilikuwa pea 100 tu, kila pea dola 1,850.

Mjomba Issa (Newala): Ngoja kwanza. Dola tuifanye 2,500. Hiyo ni milioni 4 na laki 6 na ushee. Kilo ya korosho tuiweke 3,000, maana bei ya mnada haitabiriki. Zinatakiwa kilo zaidi ya 1,500. Gunia la kilo 80... magunia 19!!

Mjomba Issa (Newala): Magunia 19 kwa raba za kudekia?

Mjomba Issa (Newala): Nipulizie dawa, nipalilie, niokote, nivunjike mgongo, nipange foleni chama cha msingi, halafu fedha ikiingia nikanunue kiatu chenye tundu?

Shangazi Somoe: Issa pumua.

Hamisi (Karume): Mjomba ana pea tatu za hivyo chini ya kitanda, hajui tu kama ni tajiri.

Zuhura: Mnaujua mfuko wa shangazi kaja? Ule wa nailoni wenye mirabamiraba.

Shangazi Somoe: Ninao miwili. Mmoja ndio nilikuja nao kwenu ulipozaliwa, mpaka leo zipu inafunga.

Zuhura: Basi wenzao Louis Vuitton, kwa nguo za msimu wa 2007, walipandisha mifuko ya mirabamiraba ile ile jukwaani Paris, wakagonga nembo yao. Na 2017 Balenciaga wakatoa mkoba wa ngozi wa bluu uliofanana na mfuko wa kubebea vitu wa duka la IKEA. Wa IKEA ulikuwa senti 99. Wao dola 2,145.

Shangazi Somoe: Sasa mimi nikishuka stendi na wangu makondakta wanapiga kelele "shangazi kaja, shangazi kaja". Huyo wa Paris akishuka anapigiwa makofi. Tofauti yetu nini?

Hamisi (Karume): Wewe wako una mihogo ndani.

Shangazi Somoe: Na samaki mkavu. Ambao huwa unakula, mshenzi wewe.

Zuhura: Mwaka jana, mwezi wa sita, Prada nao walionyesha makubazi kule Milan. Wahindi wa Kolhapur wakasema hivi si viatu vyetu hivi? Mwanzo Prada hawakuwataja kabisa. Kelele zilipozidi wakakiri kuwa wameyatoa kwenye ufundi wa India.

Fundi Chande: Mimi hiyo naielewa. Mtu anakuletea picha kwenye simu anasema "fundi, kama hivi". Dada wa kwenye picha ana kiuno cha nyigu na amebanwa pini mgongoni, pini huzioni. Mwenye kuvaa umepima, tuseme ana afya. Nguo ikiisha: "fundi umeniharibia". Na wiki ijayo jirani yake anakuja na picha ya nguo hiyo hiyo, sasa imevaliwa na huyo aliyelalamika.

Fundi Chande: Na simsemi mtu humu kikundini.

Mama Rukia: Fundi, umesema afya ukamwangalia nani?

Fundi Chande: Mama, mimi niko Chikongola na wewe uko Shangani, namwangaliaje mtu?

Mjomba Issa (Newala): Bibi yupo hapa pembeni, namsomea. Anacheka mpaka anakohoa. Anauliza Zuhura, ile picha ya yule msichana mwenye midomo iliyovimba uliyotuma juzi, aliumwa na nyuki?

Zuhura: Hapana bibi 😂 Wanadungwa sindano ili ijae. Ndio urembo wa sasa.

Mjomba Issa (Newala): Bibi anasema hivi, naandika kama anavyotamka: "Mama yangu alikuwa na ndonya mdomo wa juu. Alitobolewa mdogo, wakawa wanaongeza kijiti, kikubwa na kikubwa zaidi, mpaka kikakaa. Na chale usoni, mistari ya pembepembe, ilipakwa mkaa. Huku Makonde ndiye aliyekuwa mzuri. Akishuka Mtwara kuuza mhogo, watoto wa mjini wanamfuata nyuma wanamcheka. Sisi mabinti zake tukakataa ndonya kwa ajili ya hao watoto. Sasa wajukuu wa hao hao wanalipa hela mdomo utoke mbele. Mwambieni Zuhura angekuwa na akili angemfungulia mama yangu duka."

Zuhura: Bibi 🙌🏾🙌🏾

Baba Mdogo Saidi: Shikamoo Bibi. Hapo mimi nimefunga daftari.

Shangazi Somoe: Turudi kwenye sare kabla watu hawajalala. Nimeshinda madukani leo. Nasema kanga, doti moja moja, siku ya singo tunajifunga, siku ya harusi anayetaka gauni atampelekea Chande. Nimepata moja nzuri mno! Pindo jeusi, mji rangi ya bibo lililoiva, na ipo ya kututosha wote. Tatizo jina.

Mama Rukia: Imeandikwaje?

Shangazi Somoe: HASIDI HANA SABABU.

Mama Rukia: Wifi!!! Tukae wanawake arobaini mbele ya wakwe tumeandikwa hivyo makalioni?

Hamisi (Karume): Ndoa inavunjika kabla ya biriani.

Shangazi Somoe: Ndiyo nawaambia ni tatizo. Mama mkwe wake Rukia nimemwona siku ya posa, yule anasoma kanga kabla hajasoma uso. Atauliza hasidi ni nani, na kabla hajajibiwa atakuwa ameshajibu kwa kanga yake. Mimi mwenyewe mwaka fulani nilipitishiwa kanga dirishani na jirani, asubuhi na jioni, wiki nzima. Hakunitamkia neno. Nikaenda mjini nikatafuta ya kumjibu.

Zuhura: Ilisemaje?

Shangazi Somoe: Utaolewa ndio nitakwambia.

Mama Rukia: Fundi, haiwezekani kushona jina likaingia ndani ya pindo?

Fundi Chande: Kwa gauni inawezekana, naliweka kwenye mshono. Ila ukiondoa jina, Mama, umenunua kitambaa. Na hao wa siku ya singo wanaojifunga tu, hapo sina ujanja.

Shangazi Somoe: Ipo ya pili: WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI.

Mjomba Issa (Newala): Mbona hiyo nayo ina adui ndani? Hakuna kanga isiyogombana?

Shangazi Somoe: Ya tatu ni MOLA WABARIKI MAHARUSI. Hii haimgusi mtu. Ila rangi yake ni kahawia.

Zuhura: Kahawia?? Shangazi hiyo si ndiyo Mocha Mousse! Rangi ya mwaka jana!

Shangazi Somoe: Mwaka jana ilikuwa njiani. Mtwara imefika sasa.

Baba Mdogo Saidi: Naunga mkono kahawia. Vumbi halitaonekana.

Mjomba Issa (Newala): Bibi naye anaunga mkono, anataka mbili. Wanaume tunavaa nini?

Mama Rukia: Kanzu, kaka. Ile ile.

Mama Rukia: Basi imepita: kahawia, Mola Wabariki Maharusi. Najua harusi ni Novemba, wengi mnasubiri hela ya korosho, ila mwenye duka hasubiri mnada. Kila mmoja atume hela ya doti kwa Shangazi Somoe mwisho Ijumaa. Na Fundi anasema vitambaa vyote vimfikie wiki tatu kabla. Atakayepeleka siku mbili kabla ajishonee.

Fundi Chande: Asante Mama. Na waje kupimwa wenyewe, wasitume vipimo vya mwaka juzi.

Hamisi (Karume): Shangazi, nimekutumia ya mke wangu. Nimeanza na nusu, nyingine mwisho wa mwezi.

Shangazi Somoe: Nimeiona. Nusu ya doti ni kipande kimoja, Hamisi. Muulize mkeo, atajifunga chini au atajitanda juu?