Kwa nini tromboni haikukaa katika bendi zetu za dansi?

Mkazi wa Magomeni:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda katika ukumbi mmoja wa zamani wa dansi hapa mjini, miongoni mwa zile kumbi ambazo wazazi wetu walichumbiana ndani yake, sakafu ya saruji iliyolainishwa na viatu vya miaka mingi na jukwaa lililoinuka kiasi cha goti. Bendi ilipiga zilipendwa kama kawaida yake, kwa magitaa matatu, tumba, dramu, tarumbeta mbili na saksafoni. Usiku huo, hata hivyo, walimkaribisha kijana mpuliza tromboni, chombo cha shaba chenye mrija unaoteleza badala ya vitufe, ambaye hupiga jazi yenyewe, ile iliyozaliwa Marekani, si lile neno tu ambalo bendi zetu ziliweka mwishoni mwa majina yao.

Kabla ya kupanda jukwaani alikaa kitini pembeni, akauchomoa mrija unaoteleza, akaupaka krimu kidogo kwa ncha ya kidole, kisha akaunyunyizia maji kwa kichupa kama kile cha vinyozi. Alipopanda, mpiga besi alilazimika kurudi nyuma hatua mbili, kwa sababu mkono wa kijana ukinyooka wote, mrija ulifika pale alipokuwa amesimama. Rumba ya polepole ikaanza, waimbaji wakamaliza beti zao, naye akaingia. Sauti ile haikupasua kama ya tarumbeta. Ilikuwa kama mtu mzima anayezungumza barazani bila haraka, ikitoka noti moja hadi nyingine kwa kuteleza, na watu waliokuwa wakicheza karibu na jukwaa walipunguza mwendo ili wamsikilize. Bahati mbaya wimbo ulipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi, alipotea kabisa, magitaa na tarumbeta vikamfunika, na wazee wawili waliokaa meza ya jirani wakasema kwamba chombo kile ni cha polisi na cha maharusi, dansini hakina kazi.

Naomba kuelimishwa: kwa nini bendi zetu, ambazo nyingi zilijiita Jazz, zilichukua tarumbeta na saksafoni zikaiacha tromboni? Na je, wale wazee walisema kweli?

Mzee wa Tumba:

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ni zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa kuwa nimekaa jukwaani miaka mingi nikiwatazama wapulizaji kwa nyuma.

Anza na santuri. Tangu mwaka 1933 zilikuwa zikiletwa Afrika santuri za mfululizo wa GV, zenye muziki wa Kuba, na kwa wanamuziki wa pwani hii hizo ndizo zilizokuwa shule. Waliomiliki gramafoni waliwaita wenzao, wimbo ukarudiwa mpaka kila mmoja akaudaka kwa sikio. Sasa, makundi ya Kuba yaliyosikika katika nyingi ya santuri hizo yalikuwa na magitaa, ngoma, waimbaji na tarumbeta moja tu, iliyoongezwa katika makundi ya aina hiyo miaka ya 1920. Mtu hujifunza anachokisikia, na tromboni haikusikika. Ndiyo maana Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz na nyinginezo zilibeba jina la muziki wa Marekani huku masikio yao yakiwa Havana.

Jambo la pili ni umiliki wa vyombo. Katika bendi zetu nyingi vyombo havikuwa vya mwanamuziki, vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ukiondoka katika bendi ya namna hiyo uliondoka na kipaji chako tu. Chombo kilinunuliwa kwa kuwa kina kazi iliyokwisha kujulikana. Hakuna kamati ambayo ingeidhinisha fedha kwa ajili ya tromboni ambayo hakuna wimbo uliokuwa ukiihitaji.

La tatu ndilo ninaloliamini zaidi, ingawa sijaona watu wakilizungumza. Dansi letu ni muziki wa waimbaji. Watu huja kusikiliza mashairi, na waimbaji wetu wengi ni wanaume wanaoimba wawili au watatu kwa pamoja. Tarumbeta hukaa juu yao na besi hukaa chini yao, lakini tromboni hukaa palepale walipo wao. Mtunzi asiyekuwa mwangalifu ataona kwamba amemwongeza mwimbaji wa nne asiyetamka maneno.

Wale wazee, basi, walisema kweli kuhusu historia, kwa maana tromboni iliishi katika bendi za shaba za polisi na jeshi na bado inaishi katika matarumbeta ya harusi. Pale waliposema haina kazi dansini, hapo sikubaliani nao. Wewe mwenyewe umeshuhudia watu wakipunguza mwendo.

Mpuliza wa Temeke:

Shikamoo Mzee wa Tumba. Mimi napuliza tromboni katika kundi la matarumbeta, na kila Jumamosi nakaa nyuma ya pikapu mbele ya msafara wa maharusi, kwa hiyo suala hili linanihusu moja kwa moja.

Ningependa wale wazee wajue kwamba kukaa nyuma ya gari hakukuanza kwetu wala si aibu. Kule New Orleans, jazi ilipokuwa changa, bendi zilizunguka mjini juu ya mikokoteni kutangaza dansi za usiku, na mpuliza tromboni aliwekwa mwisho kabisa, kwenye ubao wa nyuma, ili mrija wake upate nafasi ya kutoka bila kumgonga mtu. Mtindo mzima wa upulizaji, ule wa kuteleza kwa kishindo chini ya tarumbeta, ulipewa jina la ubao huo, na mpuliza tromboni Kid Ory ndiye aliyeufanya ujulikane. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilikumbuka jinsi ninavyokaa mimi, mgongo kwenye kabini, mrija ukitokeza nje ya gari kuelekea kwa mpiga video.

Kuhusu chemko, nadhani kosa halikuwa la chombo. Tromboni ina nafasi saba za mrija, na kutoka ya kwanza hadi ya saba mkono unasafiri karibu urefu wake wote, hivyo mwenye tarumbeta anapobonyeza kidole, sisi tunahamisha bega. Kasi inawezekana, na J. J. Johnson, mpuliza tromboni wa Marekani, aliithibitisha miaka ya 1940 kwa kupiga noti fupi zilizokatwa safi hata baadhi ya wasikilizaji wakadhani anatumia tromboni ya vitufe. Lakini kwenye chemko la rumba haihitajiki kasi ya namna hiyo. Aungane na tarumbeta katika vile vipande vifupi vinavyorudiwa, apige oktavu moja chini yao, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi, na aache nafasi gitaa la solo lizungumze. Vilevile aombe maikrofoni yake peke yake. Niliwahi kualikwa katika ukumbi mmoja, fundi mitambo akaniunganisha na saksafoni kwenye maikrofoni moja iliyoelekezwa kwa mwenzangu, na usiku mzima nilipuliza mpaka midomo ikavimba bila mtu wa meza za nyuma kujua kwamba nipo. Tromboni hutupa sauti kule mdomo wake mpana unakoelekea. Ukikaa kando unapata nusu tu.

Binti wa Upanga:

Nilisoma New York kwa miaka miwili, na nilikwenda mara kadhaa Village Vanguard, klabu iliyofunguliwa na Max Gordon na ambayo iko chumba kilekile cha chini ya ardhi tangu mwaka 1935. Unashuka ngazi nyembamba, unaingia chumba kinachobana kuelekea jukwaani, nafasi ya watu 123 tu. Jumatatu hupiga bendi kubwa yenye asili katika okestra ya Thad Jones na Mel Lewis iliyoanza hapo Februari 1966, na safu ya tromboni inakaa karibu nawe kiasi cha kusikia mpulizaji akivuta pumzi.

Tofauti niliyoiona ni kwamba pale hakuna anayecheza. Watu wanakaa kimya, na mpulizaji anaweza kunong'ona. Kijana wako, Mkazi wa Magomeni, amepelekwa kwenye sakafu ya watu wanaocheza, na huo ni mtihani mwingine kabisa, ingawa si mgeni katika jazi. Okestra ya Duke Ellington ilipoajiriwa katika klabu ya Cotton Club, mtaa wa Harlem, New York, mwaka 1927, ilipigia maonyesho ya dansi, na mpulizaji wake Joe Nanton aliifanya tromboni iongee kama binadamu kwa kuifunika na kuifunua kwa raba ya kuzibulia sinki.

Mtu wa Masasi:

Naongeza jambo moja linalotuhusu. Jonas Gwangwa wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2021, alianza kupuliza tromboni akiwa mwanafunzi katika bendi iliyoanzishwa kwa juhudi za Padri Trevor Huddleston, pamoja na mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Baadaye wawili hao walikuwa katika kundi la jazi la Jazz Epistles, na miaka ya 1980 Gwangwa akaliongoza kundi la Amandla la wapigania uhuru. Padri yuleyule ndiye aliyekuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Tunamkumbuka kwa mambo mengine, lakini kila nikisikia tromboni ya Gwangwa namkumbuka na yeye.

Mkazi wa Magomeni:

Nawashukuru sana nyote. Nimempelekea kijana maneno ya Mpuliza wa Temeke, naye amejibu kwamba safari ijayo atapiga oktavu chini ya tarumbeta na atakuja na maikrofoni yake mwenyewe. Ameomba pia kujua kama kuna nafasi kwenye pikapu Jumamosi.

Mpuliza wa Temeke:

Ipo. Aje saa saba mchana, na asisahau kile kichupa cha maji, kwa sababu jua la nyuma ya gari hukausha mrija kabla hatujafika Mtoni.