Tupeane uzoefu: dalili uliyoiona kwa mnyama wako ukaipuuza

Mkulima wa Konde
Assalaam alaykum. Jana jirani yangu amemfukia mtamba wake wa miezi 18, ambaye alikuwa tegemeo lake la maziwa ya baadaye. Siku nne kabla ya hapo nilipita bandani kwake nikamwona mnyama huyo amesimama peke yake, masikio yameanguka, hali ya kuwa wenzake wanagombania majani. Nikasema moyoni kwamba ni joto, nikaendelea na safari yangu. Naomba kila mfugaji wa Unguja na Pemba aeleze ile dalili aliyoiona kwa macho yake akaipa jina jengine.

Mama wa Dunga
Wa alaykumu ssalaam. Kwangu dalili haikuwa ya kuona, ilikuwa ya kushika. Nilikuwa namsugua shingo ndama wa miezi mitano, kiganja changu kikakuta uvimbe mgumu mbele ya bega, wa ukubwa wa yai la kuku, unaoteleza chini ya ngozi ukiubonyeza. Nilidhani amejigonga kwenye nguzo. Siku ya tatu alianza kukohoa, na siku ya tano povu jeupe lilikuwa linamtoka puani kama la sabuni. Bwana mifugo alipofika alisema ni ndigana kali, kwamba kupe alimwambukiza wiki moja au mbili kabla ya uvimbe kutokea, na kwamba mapafu yalikuwa yameshajaa maji. Sindano ya buparvakoni ingemfaa siku ile nilipoushika uvimbe.

Abuu Salma
Mbele ya bega, na chini ya sikio pia. Na mimi nimezika wawili.

Mzee wa Wingwi
Wazee wetu walikuwa wakiuona uvimbe huo wanauchoma kwa chuma cha moto, na wapo ng'ombe waliopona. Siku hizi kila kitu ni sindano.

Kijana wa Mwera
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, uvimbe ule ni tezi tu, na mdudu mwenyewe wa ugonjwa, siye kupe, anaishi ndani ya chembe za damu na kuenea mwili mzima. Ukiichoma tezi umempa mgonjwa kidonda cha pili.

Mzee wa Wingwi
Marahaba. Nimesema wapo waliopona, sikusema nani aliyewaponya.

Maalim wa Kengeja
Mjadala huu umenikumbusha usiku ambao sitausahau. Nilikuwa na ng'ombe mwenye damu ya Friziani, wale ng'ombe wa maziwa wa kizungu, aliyekuwa kwenye uzao wake wa tatu, anayetoa lita 14 kwa siku. Siku moja baada ya kuzaa aliyumba kidogo miguu ya nyuma wakati wa kukamuliwa jioni, nikamcheka kwamba amechoka na uzazi. Saa tano za usiku nikamkuta amelala, amekunja shingo na kuugeuzia ubavu kichwa, kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Tulimsukuma watu wanne, hakuinuka.

Mke wangu alisema ni husda, kwa sababu asubuhi yake mgeni mmoja aliyasifia maziwa bila ya kusema mashaallah. Shemeji yangu akafika na kisu, akasimama mlangoni akisema tumuwahi kabla hajafa kibudu. Mimi nilikuwa nimewahi kusikia juu ya homa ya maziwa, na kwa kuwa jina lake ni homa, nikamdunga sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, niliyokuwa nimebakisha. Hali ikazidi kuwa mbaya, macho yakawa hayapepesi.

Bwana mifugo aliwasili kwa pikipiki karibu na alfajiri. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumshika masikio, kisha akaniambia na mimi niyashike. Yalikuwa baridi kama mtungi. Kipimajoto kikasoma nyuzi 37, ilhali ng'ombe mzima ana nyuzi 38 hadi 39 hivi. Akanieleza kwamba ugonjwa huu unaitwa homa lakini hauna homa, bali kalisiamu nyingi ya damu imekimbilia kwenye maziwa na misuli imekosa nguvu. Alitundika chupa ya kalisiamu kwenye boriti ya banda, akaiingiza dawa kwenye mshipa wa shingo taratibu mno, sikio lake likiwa kifuani pa mnyama, kwa sababu dawa ile ikienda mbio husimamisha moyo. Kabla chupa haijaisha ng'ombe alianza kutetemeka ubavuni, akapiga mbweu, akatoa kinyesi. Jua lilipochomoza alikuwa amesimama, na shemeji yangu alikuwa bado na kisu chake.

Abuu Salma
Subhanallah! Je, aliendelea kutoa lita 14?

Binti Wete
Na yule mgeni aliyesifia maziwa amewahi kurudi?

Maalim wa Kengeja
Aliendelea, na mgeni amerudi mara nyingi. Sasa kabla ya kuingia bandani anaanza yeye kusema mashaallah.

Mama wa Dunga
Maalim, nina swali zito zaidi. Kama shemeji angechinja usiku ule, nyama ile yenye sindano ingeliwa na nani? Kuchinja kunaihalalisha nyama, lakini dawa haitoki mwilini kwa bismillahi. Kijijini kwetu mnyama hudungwa asubuhi, akishindikana huchinjwa mchana na kuuzwa jioni.

Shemeji wa Watu
Bibi, mfugaji masikini akiacha ng'ombe afe kibudu amepoteza kila kitu. Ni rahisi kusema kwa mwenye mshahara.

Mama wa Dunga
Sina mshahara, nina mbuzi saba. Na maziwa ya mnyama aliyedungwa pia nayamwaga mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, na inauma.

Mkulima wa Konde
Nawaomba turudi kwenye dalili.

Kijana wa Micheweni
Mbuzi wangu waliingia uani baada ya harusi wakashambulia wali uliobaki. Asubuhi mmoja alikuwa amevimba ubavu wa kushoto, ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma, naye anasaga meno na kuutazama ubavu wake. Nilisubiri atoe hewa mwenyewe. Hakutoa.

Binti Wete
Ungemnywesha mafuta ya kupikia.

Abuu Salma
Mafuta ni kwa hewa ya povu inayotokana na majani mabichi. Wali unachachua tumbo, hapo wengine hutumia magadi soda kidogo. Na ukimnyanyua kichwa juu wakati wa kumnywesha, utaipeleka dawa mapafuni badala ya tumboni.

Mzee wa Wingwi
Sisi tulikuwa tunamtembeza na kumkanda. Dawa kubwa ni kufunga mlango wa ua.

Mfugaji Mstaafu, Kizimbani
Nimewahudumia ng'ombe kwa miaka mingi, na jambo ninalolitazama kabla ya yote ni kucheua. Nenda bandani mchana wanapopumzika. Mnyama aliyelala na kutafuna taratibu, pua yake ina umande, huyo muache. Asiyecheua, pua imekauka, manyoya yamesimama, huyo mpime joto siku hiyo hiyo, wala usingoje aache kula, kwa sababu ng'ombe mwenye ndigana huweza kuendelea kula hali ana nyuzi 40.

Mkulima wa Konde
Nimetoka bandani sasa hivi. Mtamba wangu amekula kama kawaida, lakini mbele ya bega la kulia nimeugusa uvimbe ambao jana sikuutafuta, na kipimajoto cha kuazima kimesoma nyuzi 40.7. Bwana mifugo yuko njiani. Mzee wa Wingwi, nakuomba chuma kibaki jikoni.

Mzee wa Wingwi
Kimebaki. Masikio yake umeyafunua ndani ukatazama kupe, na ya ng'ombe wengine pia?