Barakoa moja imeingiza watu wanne uwanjani, nimeona kwa macho yangu

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mie si mtu wa kufungua nyuzi, miaka yote napita nasoma nakwenda zangu, lakini tokea Jumamosi roho haijatulia na leo Jumanne, Februari 1, 2022, nimesema bora niandike maana nikikaa kimya ntapasuka.

Jumamosi nilimpeleka babaangu mpirani. Uwanja siutaji na mechi siitaji, aliyekuwepo ataelewa tu, na mie sina haja na jina la mtu, nna haja na kilichofanyika pale getini. Babaangu ana miaka 69, ujanani kacheza mpira, namba tatu, na tokea ligi ziliposimamishwa Machi 2020 kwa ajili ya corona hajatia mguu uwanjani. Wenzake wa barazani walirudi mwezi wa sita ule ule michezo ilipofunguliwa, yeye akakataa, ana pumu, akasema mpira upo na mie nipo tutakutana. Basi karibu miaka miwili mzee anasikiliza mechi kwenye redio, anaiweka sikioni karibu kabisa, ikifungwa goli anainuka mwenyewe pale barazani. Chanjo ilipokuja mwaka jana akachanja, mie nilimpeleka. Bado akawa hataki kwenda.

Kilichomtoa ndani ni tangazo. Wiki ile gari la matangazo limepita mtaani kwetu siku tatu, linasema barakoa ni lazima, maji na sabuni kila geti, watu watakaa mbalimbali, mageti yote yatafunguliwa saa saba mchana na mechi saa kumi na robo. Baba kaniita kaniuliza, unaonaje? Nikamwambia baba safari hii wamejipanga, twende. Maneno hayo nimeyasema mimi na ndiyo yananiuma mpaka leo.

Tumefika saa nane na nusu. Uwanja una mageti manne upande wa mzunguko. Limefunguliwa moja. Na hilo moja si lote, ubawa mmoja tu, ule mwengine umefungwa kwa mnyororo, yaani pahala pa kupita watu wawili wembamba ndipo tupite sote. Hakuna kamba, hakuna foleni, kuna rundo la watu linasukuma mbele.

Ndoo ya maji ilikuwepo, sitaki kumsingizia mtu. Ndoo ya bluu yenye koki, iko juu ya kigari cha chuma. Nimefungua koki haijatoa hata tone. Sabuni ipo juu ya kifuniko, kipande kimekauka mpaka kimepasuka, siku hiyo haijaguswa na mkono wa mtu. Pembeni kuna kijana ana kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso, anakielekeza kwa kila mtu na wala hasomi, anaangalia kule anakopokewa pesa.

Sasa hii ya barakoa. Barakoa zinauzwa pale nje mia tano. Mbele yetu kuna vijana wanne, mmoja ndo kanunua. Kavaa, kapita, alipofika ndani kaivua kaikunja kaipitisha kwenye tundu la waya, mwenzake kaivaa kapita, kaivua kaipitisha tena, na wa tatu hivyo hivyo, wa nne kaivaa nje ndani, imeshalowa jasho la watu watatu na pua iko nje, kapita. Mlinzi amesimama hatua mbili anaona yote, haikumhusu. Kaambiwa kazi yake ni kuona kitambaa usoni, hakuna aliyemwambia kitambaa kile cha nini. Na wale vijana siwalaumu sana, wamefanya walichoona kinatosha kwa sababu waliosimamia wenyewe wanatafuta kinachotosha.

Kwenye saa tisa na kitu nyuma wakaanza kusukuma. Mnaojua mnajua hali ile, miguu inanyanyuka chini na huna hiari tena ya kwenda au kubaki. Nikamshika baba kiunoni. Kofia yake ikadondoka, kofia ya viua aliyoshonewa na marehemu bibi yangu, anaivaa Idi na Ijumaa na siku hiyo kaivaa kwa ajili ya mpira. Akataka kuinama nikamwambia baba usiiname wallahi usiiname. Barakoa akaishusha mwenyewe kwa sababu pumzi zilikuwa hazitoshi, nasikia kifua chake kinapiga filimbi, dawa yake ya kuvuta iko mfuko wa kanzu na mkono hauwezi kushuka kwa watu walivyombana. Mtu wa nyuma yake anakohoa shingoni kwake. Dakika ishirini kama hivyo! Mzee aliyejifungia karibu miaka miwili!

Tumeingia ndani, jamani, ndani nusu ya majukwaa ni matupu. Wamepiga alama za chokaa kwenye ngazi, kaa hapa, acha hapa, nzuri kabisa, na nafasi ipo tele na upepo wa bahari unapita. Nilikaa na baba watu wa karibu wako mbali na sisi hatua tano. Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima nimelia. Kwa sababu uwanja wenyewe ulikuwa salama, ni pahala pa wazi, ugonjwa huu unataka watu wamebanana wanapumuliana, na kubanana kule hakukuletwa na mpira wala na wingi wetu, kumetengenezwa pale getini na mtu aliyeamua mageti matatu yabaki yamefungwa.

Mapumziko nimemfuata mmoja wa wasimamizi, mwenye kitambulisho shingoni. Nimemsalimia vizuri, nikamwambia bwana mkubwa, mzee wangu kakaribia kupoteza maisha pale nje, kwanini hamfungui mageti mengine? Jibu lake, kaka mzee umemleta wewe, ungemuacha nyumbani, na hiyo corona yenyewe imeshakwisha.

Imekwisha. Hapa Zanzibar mtu anasimama anasema imekwisha kama vile hatujazika. Mwanzoni mwa 2021 Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais, chama chake kimetangaza wazi kwamba anaumwa corona, Februari 17 akafariki, tukamzika Mtambwe, Pemba. Nilikuwepo. Kila nyumba ina mtu wake wa miezi ile hata kama hakikuandikwa chochote, maana takwimu zilikuwa zimeshaacha kutolewa tokea Mei 2020. Sasa kama kweli imekwisha, tangazo la barakoa na maji lilikuwa la nini? Si lilikuwa la kututoa majumbani tulete pesa?

Na hapo kwenye pesa ndo penye kiini, nawaambieni. Geti moja ni kwa sababu pesa inapokewa kwa mkono. Nimetoa elfu sita ya watu wawili sikupewa tiketi, nimeuliza tiketi naambiwa pita wee unazuia watu. Mageti manne yanataka wapokeaji wanne, na wapokeaji wanne hakuna anayewaamini, basi bora tubanane sote mbele ya macho ya mtu mmoja. Na maana yake siku ile hakuna binadamu anayejua wameingia watu wangapi. Sisi wa visiwa hivi kitu hicho tumeshakiona. Meli iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba ilipakia watu kupita uwezo wake, na mpaka leo watu wanabishana walikuwemo wangapi kwa sababu hesabu haikuwepo. Kwetu Wete kuna majirani wamefungua matanga bila maiti. Halafu mtu anakusanya watu bila kuwahesabu na anakuona wewe unayeuliza ndo msumbufu.

Najua watakuja watu hapa waseme habari za distansi, za watu kukaa mbalimbali, ni za Ulaya, Wazungu wana hela. Sikilizeni, Wazungu wenyewe wamefanya makosa yao na tungeyatumia kujifunza bure. Februari 19, 2020 mashabiki kama 40,000 wa Bergamo, Italia, wamesafiri kwenda Milan kuangalia Atalanta na Valencia, daktari mmoja wa kule kwao baadae akaiita mechi ile bomu. Machi 11 Liverpool wakacheza na Atletico Madrid, mashabiki 3,000 wametoka Madrid ambako mechi zilikuwa zimeshafungiwa mashabiki, wakaruhusiwa kuja kujaa Anfield. Walipotaka kuwarudisha watu wakaenda polepole, fainali ya Kombe la FA Mei 2021 Wembley inayochukua 90,000 wakaingiza kama 20,000, wamepimwa kabla. Na baada ya hapo Julai 11 ile ile Wembley, fainali ya Euro, watu wapatao 2,000 wasio na tiketi wakavunja wakaingia. Karatasi za vipimo zote zilikuwepo! Geti ndo lililowashinda.

Na hii ya juzi hii jamani, Januari 24, Yaounde, kwenye AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, hata wiki mbili hazijapita. Cameroon na ndugu zetu Wangazija. Wengi tuliikumbuka mechi ile kwa sababu Comoro walikuwa hawana kipa, corona na majeraha yamewamaliza wote, beki Chaker Alhadhur kavaa glavu na wakatoka 2-1 kwa heshima kubwa. Lakini nje ya uwanja wa Olembe wamekufa watu wanane kwenye msongamano, na rais wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, Motsepe kasema mwenyewe lile geti lilitakiwa liwe wazi likafungwa. AFCON ile shabiki anatakiwa awe na chanjo, awe na kipimo, na idadi wameipunguza. Yote hayo, kisha geti moja lililofungwa likaua watu wanane, akiwemo mtoto. Sisi Jumamosi, siku tano tu baada ya ile, tumerudia kitu hicho hicho na kilichotunusuru ni Mungu peke yake.

Kwahiyo msiniambie hela. Ufunguo wa geti hauagizwi Uingereza. Tiketi ziuzwe Alkhamisi na Ijumaa madukani zenye namba na rangi ya geti, mtu wa rangi ya kijani asisogee geti la njano, kipande kichanwe kibaki ndani ya boksi usiku kihesabiwe. Mageti yafunguliwe kweli saa saba kama gari lilivyosema, wenye kuwahi wawahi. Kamba ya minazi tu ifungwe kwenye miti minne ishakuwa foleni. Wazee, kinamama na watoto wapewe geti lao. Ndoo itiwe maji, akae mtu wa kuijaza, wako vijana wa maskauti watafanya hata kwa soda. Na ikifika dakika ya 75 mageti yote yawe wazi ya kutokea maana kutoka nako ilikuwa vile vile, mie na baba tumekaa mpaka karibu magharibi watu waishe ndo tukainuka.

Jumapili asubuhi nimerudi peke yangu kutafuta kofia. Sijaipata. Lakini nimeyazunguka mageti yote manne, na nataka mnisikilize hapa. Lile la Jumamosi kufuli lake linang'ara. Yale matatu makufuli yameota kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani, nimelishika moja kutu imebaki mkononi imenipaka kanzu. Ile kutu si ya juzi wala ya mwezi uliopita. Yaani lile gari lilipokuwa linapita linatangaza mageti yote yatafunguliwa, waliolituma walikuwa wanajua au hawajawahi hata kwenda kuyaangalia, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Picha ninazo, zote nne.

NAONGEZA: Mnaouliza hali ya mzee, ahsanteni. Tokea Jumapili usiku anakohoa na kifua kimebana, jana tumempeleka hospitali, wamempima, majibu tunasubiri. Yumo chumba cha uani peke yake, chakula anawekewa mlangoni. Wajukuu wanamuita dirishani, anawajibu kwa kuwapungia mkono maana akisema anakohoa.

Na yule aliyeandika kwamba ningemuacha nyumbani, ndugu yangu, mpira huu wa visiwa hivi umebebwa na hao hao wazee, walinunua jezi kwa pesa za karafuu, walicheza pekupeku kwenye viwanja vya mchanga. Kama utaratibu wa uwanja haumfai mtu wa miaka 69 mwenye pumu basi si utaratibu.

Ninachoomba kwa aliyekuwepo Jumamosi, aandike hapa alifika saa ngapi, aliingia kwa tiketi au kwa mkono, na alikaa muda gani pale getini. Bila majina. Nakusanya yote pamoja na picha za makufuli, Alkhamisi nakwenda nazo ofisini kwa wasimamizi na nitakaa pale mpaka mtu azipokee kwa saini. Na kama kuna mtu aliokota kofia ya viua, nyeupe, ina uzi wa kahawia, ndani imeshonwa herufi mbili kwa uzi mwekundu, tafadhali sana aniandikie.