Mwili mzima unauma, vipimo vyote safi, na kazini wanasema nategea. Nifanyeje?

Kanga Mbili (mleta mada)
Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mhudumu wa vyumba kwenye loji moja hapa Dodoma mjini, nina miaka 38 na watoto watatu. Kazi yenyewe mnaijua: kutandika, kufua mashuka, kudeki, na maji yakikatika ni kupandisha ndoo ghorofani. Tangu Bunge la bajeti la mwaka jana mwili wangu unauma wote. Si mgongo peke yake. Ni shingo, mabega, mapaja, nyayo, hadi ngozi ya mikono mtu akinishika. Leo huku, kesho kule, siku nyingine kote kwa mpigo. Usiku nalala lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na kusahau kumeingia: nahesabu mashuka, nahesabu tena, hesabu haiji.

Zahanati ya kwanza walisema taifodi, nikachomwa sindano. Nyingine wakasema UTI. Baadaye daktari mmoja akaniambia "mama, huna ugonjwa, punguza mawazo". Picha ya mgongo nzuri, sukari hakuna, HIV hakuna, presha ya kawaida. Nameza diklofenaki za dukani karibu kila siku na sasa hazishiki.

Kinachoninyima raha ni kazi. Zamani saa sita mchana nilikuwa nimemaliza vyumba vyangu, siku hizi inafika saa tisa bado nakokota ndoo. Msimamizi anasema nategea. Wenzangu wananiita bibi. Na kuna tetesi kwamba Bunge likiahirishwa mwisho wa Juni, wageni wakipungua, kuna watu watapunguzwa.

Naomba kujua: kuna mwingine anaumwa hivi, au ni mimi tu? Na nikimwambia bosi ukweli, si ndiyo nimejifukuzisha kazi?

Bwege wa Bahi Road
Dada, kutandika vitanda vya waheshimiwa lazima uume 😂 Wenyewe wanalala tu, hawaumwi.

Nuru ya Kondoa
Pole mdogo wangu. Usidharau upande wa pili. Vipimo vikiwa safi na mwili unauma, watu wazima wanajua pa kuangalia. Tafuta watu wa maombi.

Bwege wa Bahi Road
Ndiyo hao, wameshafika.

Ng'ombe Mmoja
Mimi ni mtu wa mifugo huku Kongwa. Unakunywa maziwa mabichi? Au unachinja, unazalisha mbuzi? Brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, inauma mwili mzima, inachosha, homa inakuja na kuondoka, na wengi wanatibiwa taifodi mpaka wanakata tamaa. Hutibiwa kwa antibayotiki mbili kwa pamoja, wiki sita au zaidi, siyo vidonge vya siku tano. Waulize kama walikupima.

Kanga Mbili
Maziwa ya mgando ya nyumbani nakunywa nikienda kwa mama, Kondoa. Hicho kipimo sikumbuki kukisikia.

Zamu ya Usiku
Dada Kanga, pole. Mimi ni tabibu, lakini sijakupima, kwa hiyo jina la ugonjwa sikupi hapa. Swali lako la kwanza nalijibu: si wewe tu. Maumivu yaliyosambaa kulia na kushoto, juu na chini ya kiuno, yakazidi miezi mitatu, yanajulikana kabisa. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, ni karibu mtu 1 katika kila 10, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Nyingi ni za Ulaya na Marekani, ila njoo ukae na mimi zamu moja uone foleni. Kundi dogo zaidi, kama watu 2 hadi 4 katika 100, wana kinachoitwa faibromialjia: maumivu hayo pamoja na usingizi usioburudisha, uchovu na kusahau. Zamani, kwa vigezo vya 1990, daktari alibonyeza nukta 18 mwilini, ukiumia 11 unapewa jina. Vigezo vya 2010 vikaacha kubonyeza, vinahesabu sehemu zinazouma na kuuliza usingizi, uchovu na kumbukumbu.

Sasa hilo la vipimo safi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuonyesha hali hii. Tunapima ili kuondoa mengine. "Safi" maana yake hatujaona kisukari, hatujaona mfupa ulioharibika. Haina maana huumwi. Mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa kama mbwa wa getini aliyezoea kubwekea kila kivuli, hata cha mwenye nyumba: mwizi hayupo, lakini kelele ni za kweli na mtaa haulali. Na siyo ya kujitungia. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa maumivu sugu kundi lake lenyewe, na haya ya kusambaa yamo.

Kabla ya kufika huko, rudi hospitali ya rufaa na uulize vichache: picha kamili ya damu, tezi ya shingo yaani thairoidi (ikilegea inachosha na kuumiza misuli), na hiyo brusela ya ndugu wa Kongwa, hajakosea. Ukiona viungo vya vidole vimevimba na asubuhi vinakakamaa zaidi ya saa nzima, uzito unashuka, homa za usiku, mguu kufa ganzi au mkojo kukuponyoka, usisubiri ushauri wa humu.

Diklofenaki acha kuifanya chakula. Inafaa penye uvimbe, kwa maumivu ya aina yako mara nyingi haigusi, na ya kila siku inaleta vidonda vya tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha. Na vile vidonge vya rangi rangi wanavyokufungia kwenye karatasi, kataa kabisa. Hujui kama humo kuna steroidi.

Kanga Mbili
Asante sana dokta. Sasa dawa ni ipi?

Zamu ya Usiku
Utanicheka. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ilipima tiba nyingi, na iliyopendekezwa kwa nguvu zote ni moja: mazoezi. Najua utasema unadeki kutwa, mazoezi gani tena. Kudeki kwa haraka huku umeinama, upande uleule, bila kupumzika, ni mzigo tu. Ninachosema ni kutembea jioni kidogo, wiki mbili mwili ukizoea unaongeza kidogo. Siku ukijisikia mzima usifidie kazi za wiki nzima, maana kesho yake utalala. Dawa zipo pia, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, inasaidia usingizi na maumivu kwa baadhi ya watu. Aandike daktari, na umwambie dawa nyingine unazotumia.

Kanga Mbili
Amitriptilini si ile wanayopewa wagonjwa wa Mirembe, hospitali ya akili? Mume wangu akiona boksi hilo itakuwa kesi nyingine.

Zamu ya Usiku
Ndiyo, kwa dozi kubwa inatumika kwenye sonona. Kwa maumivu inaanza miligramu 10 au 25. Dawa ileile, kazi mbili. Mlete mume wako kliniki aelezwe. Itakukausha mdomo na asubuhi za mwanzo utakuwa mzito, kwa hiyo imeze jioni mapema.

Mwalimu wa Chamwino
Nimesoma nikaona ni mimi. Mwanamke, mwalimu wa msingi, nina hali hii miaka kadhaa sasa. Kilichoniumiza zaidi ya mwili ni kuonekana mzima. Ukivunjika mguu watu wanakubebea begi. Ukiumwa kote, unaulizwa mbona jana ulicheka.

Mimi sikuacha kazi, na wewe usiache. Nyumbani bila kazi mwili uliniuma zaidi, nililijua hilo likizo ndefu. Kilichosaidia ni kubadilisha namna. Mwalimu mkuu alinipa vipindi vya asubuhi katikati, siyo cha kwanza kabisa wakati mikono imekaza. Ubaoni naandika kidogo, watoto wanaandika zaidi. Kusahihisha nagawa. Wewe fikiria kazi yako ikoje: nani anafua, nani anatandika, nani anabeba ndoo? Mkiwa wawili kwenye godoro moja inaenda haraka na mgongo unapona. Nenda kwa msimamizi na mpango, usiende na kilio. Samahani kwa lugha, ila ndivyo dunia ilivyo.

Bwege wa Bahi Road
Kilio pia hakijakatazwa, mwalimu. Dada Kanga, lile la juu lilikuwa utani, pole aisee.

Karani Mstaafu
Binti, nilikaa masjala na utumishi miaka mingi, nikusaidie upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Unachotakiwa ni cheti cha daktari anayetambulika. Sheria haisemi ugonjwa lazima uonekane kwenye picha.

Pili, mwajiri hawezi kukuondoa kwa kuumwa tu bila kuangalia kwanza kama kazi inaweza kurekebishwa au kama kuna nafasi nyingine inayokufaa. Kupunguza watu nako kuna taratibu, lazima atoe taarifa na ashauriane nanyi. Akikuachisha isivyo halali, una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wanakaa nyumbani wakilia mpaka siku zinapita. WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, usiikimbilie kwanza, kuthibitisha kwamba maumivu ya mwili mzima chanzo chake ni kazi ni shughuli pevu.

Una mkataba wa maandishi?

Kanga Mbili
Ninao, upo nyumbani. Kwa hiyo baba, nianze kwa daktari au nianze na barua kwa bosi?

Karani Mstaafu
Daktari. Barua bila cheti ni maneno. Ukipata cheti andika barua nakala mbili, moja akupigie muhuri wa kupokea ubaki nayo. Na usiandike "naomba kupunguziwa kazi", ndipo wataanza kukuhesabu kwenye wa kupunguzwa. Andika unachoweza kufanya: vyumba, mapokezi, kupiga pasi ukiwa umekaa. Kisha omba ndoo za ghorofani zipewe mtu mwingine.

Kanga Mbili
Pasi ya kukaa ipo, anayepiga anakaribia kujifungua. Jumatatu ni zamu yangu ya kupumzika, naenda hospitali na vyeti vyote vya zamani.

Ng'ombe Mmoja
Na brusela usisahau kuitaja. Maziwa ya mama chemsha kwanza, ndipo uyagandishe.